Mahindi Si Kimiminika

Darasani kwangu mtoto haombi ruhusa ya kunywa maji. Mtungi wa plastiki wa lita ishirini uko pembeni, karibu na mlango, na kikombe kimefungwa kwa kamba kwenye mshikio wake. Mwenye kiu huinuka, hunywa, hurudi kuketi. Mwalimu mkuu halipendi jambo hilo. Anasema darasa si soko. Mimi humjibu kwamba sokoni ndiko nilikokulia na sijaona mtu aliyeharibika kwa kunywa maji, naye hutikisa kichwa akaenda zake. Sababu yenyewe sijapata kumwambia.

Nafundisha Gredi ya Nne katika shule moja ya msingi huku Tuwan, mjini Kitale. Nafundisha karibu kila kitu, lakini linalonikaa moyoni ni sayansi, na ndani ya sayansi, ule mlango unaohusu maada: yabisi, vimiminika na gesi. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza. Nakisoma kile Kiingereza mara moja ili kitabu kisije kikanuna, kisha nakifunika na kueleza kwa Kiswahili, na palipobaki pagumu tunapamalizia kwa mikono.

Mwaka ninaotaka kuueleza, niliwaambia watoto waje na vitu kutoka nyumbani. Chochote, nikasema, isipokuwa mafuta ya taa na wadogo zenu. Wakaja na mawe, misumari, vijiko, maziwa ndani ya chupa ya soda, uji uliolala, sabuni ya kipande, na mmoja alikuja na puto ambalo lilikuwa limeanza kusinyaa njiani. Na kwa kuwa hapa ni Kitale, kila kikundi kilikuja na mahindi. Huku hata asiye na shamba ana mahindi. Nikaunganisha meza mbili, nikagawa sehemu tatu kwa chaki, nikawaacha wapange.

Nilipogeuka kutoka ubaoni nikakuta mahindi yote yamepangwa pamoja na maziwa.

"Haya mahindi yanatafuta nini huku?" nikauliza.

Akasimama msichana mmoja ambaye mama yake huuza nafaka kando ya barabara, akanijibu kwa niaba ya wenzake. "Ticha, si ulisema likwidi ni kitu inamwagwa?"

"Nilisema."

"Na inachukua shepu ya kile kitu umeiweka ndani?"

"Hilo pia nilisema."

"Sasa mahindi si inamwagwa kwa gorogoro, na inakaa tu vile gorogoro iko? Hata maziwa inapimwa na kikombe. Lakini mawe, hakuna mtu anapima mawe na gorogoro, bana."

Darasa zima likaitikia. Hawa ni watoto wanaotumwa dukani kila wiki, na wanayajua mahindi kwa kopo lile la bati la kilo mbili ambalo ndilo mzani wetu sote. Mtoto wa mahali pengine, anayeyajua mahindi kama unga wa pakiti, asingekosea hivyo. Na kilichoniudhi ni kwamba kwa maneno yangu mwenyewe, walikuwa sawa. Nilikasirika kidogo, ila hasira yenyewe haikuwa yao, ilikuwa ya kitabu.

Bahati nzuri mimi ni mtoto wa soko la Misikhu. Mama yangu ameuza mahindi pale tangu sijang'oa jino la kwanza, na bado anauza. Mtu yeyote wa soko anajua kwamba mnunuzi mjanja, gorogoro ikijaa, huitikisa. Mahindi hushuka, kukapatikana nafasi ya konzi nyingine. Muuzaji naye, kama ni mjanja zaidi, huyasawazisha kwa kiganja na kuyamimina mfukoni kabla mkono wa mnunuzi haujafika. Soko zima huendeshwa na vita hivyo vidogo, na hakuna anayemchukia mwenzake.

Nikachukua gorogoro iliyokuja na mahindi ya kikundi kimoja, nikaijaza mpaka ukingoni, nikampa yule msichana. "Haya, wewe ndiye mnunuzi."

Hakuhitaji kuelezwa. Aliitikisa kama mtu mzima, na mahindi yakashuka upana wa kidole. Kisha nikampa chupa ya maji niliyoitia alama ya kalamu pale maji yalipofika. Akaitikisa. Maji yalicheza, yakatulia, yakarudi palepale kwenye alama.

"Mahindi yameenda wapi?" nikawauliza. "Kuna mtu ameyala?"

Wakacheka, kisha wakanyamaza, na ukimya ule ndio mshahara wangu halisi. Hatimaye sauti moja ikasema kutoka nyuma, "Kulikuwa na hewa hapo katikati."

Mwenzake alitaka kuthibitisha mwenyewe, akaishika gorogoro vibaya, ikaanguka. Mahindi yakatawanyika sakafu nzima. Yule mtoto akaanza kunitazama kwa hofu, nami nikaona somo limejileta lenyewe.

"Maji yakimwagika?" nikaita.

"Hayazoleki!" wakajibu wote, maana methali hiyo tulikuwa tumeifundisha kwenye Kiswahili.

"Na mahindi je?"

Walipiga magoti wakaanza kuzoa. Nami nikapiga magoti pamoja nao, sketi na yote, nikaokota punje moja, nikawaonyesha kwamba ilikuwa vilevile: ilivyokuwa kwenye gorogoro ndivyo ilivyokuwa sakafuni, na ndivyo itakavyokuwa mfukoni mwa mtu. Zikiwa nyingi zinakudanganya kwamba zinatiririka. Ukishika moja unaona ni yabisi, ina umbo lake, na haibadiliki kwa sababu umeibadilishia chombo. Tukaandika hivyo, na mahindi yakarudishwa upande wa mawe.

Jioni ile nikapiga simu Misikhu.

Nina mtoto mmoja, msichana. Mwaka ule naye alikuwa Gredi ya Nne, ila si darasani kwangu. Alikuwa akilelewa na mama yangu. Nilipoajiriwa na serikali na kutumwa Kitale, ndio kwanza alikuwa ameanza kutembea. Nilikuwa na chumba kimoja na sikuwa na mtu wa kumwachia mchana, mama akasema niache mtoto. Kwetu hilo si jambo la kushangaza. Mtoto wa kwanza wa binti hukaa kwa nyanya yake, na hakuna jirani anayeuliza. Baba yake sitamwandika humu, hana kazi katika habari hii. Nilidhani itakuwa mwaka mmoja. Mwaka ukazaa mwaka.

Ingekuwa mbali ningekuwa na la kujitetea. Wako wanawake wa rika langu walioacha watoto wakaenda Arabuni, na mtu akiwauliza wanaweza kutaja bahari. Mimi nilikuwa na saa moja na kitu ya barabara. Kila mwisho wa mwezi nilikwenda, nikalala usiku mmoja, nikatazama madaftari, nikatazama meno, nikarudi, kama mkaguzi wa shule.

Mama yangu alimwita Mayi. Ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita mama, na kwa kuwa mtoto alitusikia mimi na ndugu zangu tukimwita hivyo, naye akamwita hivyo. Ilipasa amwite Kukhu, yaani nyanya, lakini nani angemkosoa, na mle ndani hakukuwa na mwingine aliyeitikia jina la Mayi? Mimi aliniita Madam. Hakuwa na ubaya. Kijiji kizima huniita Madam tangu nilipotoka chuo cha ualimu, hata mama mwenyewe akiniona naingia husema, "Madam amefika." Mtoto akadhani ndilo jina langu. Mara ya kwanza nilicheka sana, nikaenda kuwasimulia walimu wenzangu. Baadaye niliacha kusimulia.

Basi jioni ile nikamwambia kwenye simu kwamba tumefanya maada darasani. Akasema nao wamefanya.

"Mahindi ni nini?" nikamtega.

"Likwidi," akajibu bila kufikiri.

Nilicheka mpaka nikakaa kitandani. Nikamwambia achukue punje moja ya mahindi aiangushe mezani, karibu na simu. Nikasikia miguu yake ikienda kwenye gunia la Mayi na kurudi. Kisha nikaisikia punje yenyewe, tik, kwenye meza ile ya mbao ambayo nami niliandikia kazi zangu za shule.

"Imemwagika?" nikauliza.

"Hapana. Imekaa tu vile ilikuwa." Akaiangusha tena. Tik. "Madam, unaskia?"

Nilisikia. Nilisikia na jogoo, na sufuria ya mama, na mtoto akivuta pumzi karibu kabisa na sikio langu. Nilimtaka mtoto wangu. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilitaka kuwa kwenye meza ile, au meza ije kwangu, na simu ilipokatika nilibaki nimeishikilia.

Mwisho wa mwezi nilikwenda nikamwambia mama waziwazi kwamba nataka kumchukua mtoto, akae nami, aingie shule yangu muhula wa tatu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Mama alikuwa akipukuchua mahindi, na hakuacha.

"Mchukue," akasema. "Ni wako. Mimi nilikuwa nashikilia tu. Lakini asikae kwako kama mgeni, unaskia? Aje likizo hii ya Agosti, mkae. Shule ikikaribia kufunguliwa na bado anakaa kama mgeni, unirudishie."

Nikakubali upesi. Niliona sharti ni jepesi mno.

Nikahamia nyumba ya vyumba viwili, hapo hapo Tuwan. Nikanunua kitanda cha futi tatu na shuka zenye maua. Nikaongea na mwalimu mkuu kuhusu nafasi. Nikapaka ukuta rangi ya samawati kwa mikono yangu, rangi nyingine ikaishia kwenye nywele. Jirani yangu, mama mmoja Mwislamu anayeuza mandazi karibu na msikiti, alinitazama nikipandisha kabati akasema, "Polepole, Mwalimu. Mkamia maji hayanywi." Nikamwambia mimi nina kiu ya haki.

Mtoto akaja. Alikuwa na begi dogo na adabu nyingi. Alisema kitanda ni kizuri. Alisema rangi ni nzuri. Alfajiri nilimkuta amekwisha kuamka, amekunja blanketi pembe kwa pembe, ameketi ukingoni mwa kitanda akiningojea nifungue mlango.

Kisha akasema, "Madam, naomba maji."

"Maji si haya hapa?" nikamwambia. "Chukua tu."

Akachukua, akashukuru. Alipopata kiu tena akaja tena. "Madam, naomba maji."

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nikampa kazi makusudi, ili ajione wa nyumbani: aoshe vyombo, afagie, achambue mboga. Alizifanya zote vizuri kuliko mimi. Kisha akaja kusimama mlangoni na mikono nyuma. "Nimemaliza. Nifanye nini ingine?"

Nilimfundisha. Ndicho ninachokijua. Tukajaza puto na kulitumbukiza kwenye karai ili aone hewa inavyokataa kuzama. Tukageuza glasi kichwa chini majini na karatasi kavu ndani yake, na karatasi haikulowa, kwa kuwa hewa ilikuwa imeshika nafasi na haikumpisha mtu. Alifurahi kweli, macho yake yalifunguka kama ya wanafunzi wangu. Alinyoosha hata mkono kabla ya kuuliza swali. Tulikuwa wawili tu jikoni, na mwanangu amenyoosha mkono.

Siku moja kiu ile ilinishinda. Aliposema tena "Madam, naomba maji," nikamkemea. Nikamwambia humu ndani hakuna mtu wa kuombwa maji, haya ni maji yake, nyumba ni yake, aache kuniombaomba. Akanitazama, akakirudisha kikombe mahali pake taratibu. Hakunywa tena mpaka jioni, nilipommiminia mwenyewe na kumpelekea alipokaa.

Mwaka ule ulikuwa wa tohara ya wavulana wetu, ambayo huja kila mwaka wa pili, mwezi wa Agosti. Jioni tulisikia njuga za vijana wakipita na wenzao mitaani, wakienda kualika jamaa. Mtoto alisimama dirishani akasikiliza, akaniambia jina la kijana wa jirani kule kwetu ambaye naye alikuwa akizunguka na njuga wiki ile, na watoto wote wa rika lake wanamkimbilia nyuma. Hakuomba kwenda. Alifunga pazia mwenyewe.

Likizo ilipokuwa inaelekea kwisha, nilimwambia anipimie mahindi, tuyapike na maharagwe. Nilikuwa nakata vitunguu, nikainua macho nikamwona. Alichota kwa gorogoro, akapuliza makapi juu yake, akapitisha kiganja mara moja kusawazisha, haraka, kidole gumba kikiwa nje. Alikuwa mama yangu mtupu. Hata kile kipumzi cha puani mama anachokitoa akimaliza kusawazisha, alikitoa.

"Mbona hukutikisa?" nikamtania. "Mnunuzi mjanja hutikisa."

"Mayi hapendi mtu akitikisa," akasema. "Anasema mwenye kutikisa sana hamwamini. Asiyetikisa ndiye anaongezewa." Akachota konzi moja kutoka kwenye gunia, akaiweka juu ya gorogoro, ikawa na kilima. "Namna hii."

Nilijua desturi hiyo. Nilikua nayo. Konzi ile ya juu mama hawezi kumpa mtu aliyeng'ang'ania kutikisa kopo, hata amlilie. Niliendelea kukata vitunguu, jambo lililonisaidia, maana macho yalikuwa na kisingizio. Tangu mtoto aje nilikuwa nimetikisa.

Baada ya kula akasema, "Madam, naomba niongee na Mayi."

Nikampa simu nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi na yule jirani wa mandazi. Kupitia dirishani nikamsikia akiongea Kibukusu, kwa kasi, bila kupumua. Alisimulia glasi iliyogeuzwa na karatasi isiyolowa. Aliuliza kuku fulani kama ameshaangua. Kisha Mayi akasema kitu huko aliko na mtoto akacheka, kicheko kirefu kinachoanzia tumboni, miguu ikigonga kitanda kile cha futi tatu. Kicheko kile kilikuwa hakijawahi kusikika ndani ya nyumba yangu. Jirani alisikia pia. Aliniwekea mkono begani na kwa mara ya kwanza hakuwa na methali.

Nilikuwa nimetegemea kwamba mtoto ni kama maji, utammimina kutoka chombo hiki hadi kile naye atakaa. Na mwanzoni alionekana hivyo, maana hakulia, hakugoma, alijaa kimya popote nilipomweka. Mimi, mwalimu wa somo lenyewe.

Asubuhi nikamwambia tutarudi Misikhu. Hakurukaruka kwa furaha. Nadhani alinihurumia. Alikunja blanketi lake pembe kwa pembe, akasimama akilitazama.

"Na kitanda?"

"Kitakaa hapo hapo."

"Nitakuja tena?"

"Ukitaka."

Akafikiri. "Disemba," akasema, na akaweka puto letu, lililokuwa limekwisha hewa, chini ya mto.

Tuliposhuka Misikhu jua lilikuwa kali. Njia nzima kutoka barabarani alinishika mkono, na nilihesabu hilo kuwa langu. Lakini tulipofika kwenye uzio aliuachia, akapita mbio uani. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, rundo la mahindi mapya mbele yake. Aliinua macho akaniona mimi na begi, akaelewa. Alinisogezea kigoda.

Mtoto hakusimama. Aliingia jikoni, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi nilimwona. Alifunua chungu, akazamisha kikombe, akanywa akiwa amesimama, kichwa nyuma, maji yakimtiririka kidevuni mpaka kwenye shati. Akazamisha tena, akanywa tena. Hakumtazama mtu. Hakuomba mtu. Sikumbuki kama nimewahi kutazama kitu kwa wivu namna ile, na wivu wenyewe nilimwonea mama yangu, niliyekuwa nimekaa kando yake.

Kisha akakisuuza kikombe, akakijaza, akatoka nacho taratibu asimwage. Akapita mbele ya Mayi, akaja mpaka kwangu, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa kuwafanyia wageni wa nyumba, na kuninyooshea kwa mikono miwili.

"Karibu, Madam," akasema. "Kunywa maji. Umetoka mbali."

Saa moja na kitu ya barabara. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikanywa yote.